Mheshimiwa wa Phoenix

Wanaosema chinchila, mnyama mdogo mguguna, hafai kufugwa Phoenix, mji wa jangwani Marekani ambako joto la Julai hupita nyuzi 40, wana husuda tu. Ni kweli mnyama huyu ni wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, na joto likizidi nyuzi 25 hivi huanza kuhatarisha maisha yake. Sasa kiyoyozi kiliundwa kwa ajili ya nani? Kingurume mchana kutwa, na yule fundi wa paa la jirani aendelee kujipangusa jasho, yeye amezoea.

Maji Mheshimiwa haogi. Manyoya yake, zaidi ya 50 katika kitundu kimoja cha ngozi, yakilowa hayakauki upesi. Huletewa bakuli la vumbi laini la volkano, akabiringika humo hadi kochi likawa jeupe, na mwenye nyumba akafuta huku akitabasamu. Mtoto akiingia na viatu vichafu, hapo ndipo utamjua baba mtu.

Usiku, wenye kibarua wakilala, ndiyo kwanza anaamka kuguguna mbao, maana meno yake hayaachi kuota. Na ana umri wa kutosha kusindikiza talaka mbili: miaka 15, pengine zaidi.

Shukrani zimwendee Mathias Chapman, aliyewafikisha chinchila California mwaka 1923, wakati wawindaji wa ngozi walipokuwa karibu kuwamaliza porini. Aliwaokoa kwa moyo safi, ili makoti yasikosekane. Wenzao waliobaki Chile, maskini, hadi leo wanaoga vumbi la bure.