Namna ya Kula Matapishi kwa Heshima Gemu Jipya Linapotoka

Gemu ulipendalo limetoka toleo jipya. Umeliona kwenye simu ya mwenzako pale Kilindoni, Mafia, na kabla hujaligusa umeshatangaza barazani kwamba wameliharibu. Sawa. Maneno yametoka, mashahidi wapo. Kazi iliyobaki ni kurudi nyuma kichwa kikiwa juu, maana upo uwezekano mkubwa kwamba baada ya muda utalipenda.

Nazungumza nawe mpenzi wa magemu ya kuvaa uhusika, yale yaitwayo RPG. Unaunda mtu wako, unampa jina, unamtoa kwenye unyonge mpaka anakuwa shujaa, unamchagulia maneno na marafiki. Gemu la magari likibadilika unabadili gari tu. Hili likibadilika, wamekugusia mtoto uliyemlea usiku kucha. Una haki ya kununa. Mimi nakufundisha kununa kwa faida, kisha kununua tena heshima yako kwa bei ndogo.

Hatua ya 1: Nuna, lakini weka akiba ya maneno

Chunga sentensi zako. "Mpaka sasa halijaniingia" ni sentensi salama. "Sitaligusa maisha yangu yote" itakufuata hadi sokoni. Mafia ni kisiwa. Anayekuuzia samaki asubuhi ndiye utakayeketi naye jioni mbele ya runinga, na kumbukumbu yake ni nzuri.

Wakumbuke wapenzi wa Baldur's Gate. Toleo la pili lilitoka mwaka 2000, na mapigano yake yalikwenda mfululizo: unasimamisha, unatoa amri, unaachia yaendelee. Mwaka 2020 studio ya Larian ya Ubelgiji ilianza kuuza toleo la tatu likiwa bado linajengwa, na humo mapigano yakawa ya zamu. Wapo wakongwe waliosema hilo si Baldur's Gate tena. Agosti 2023 gemu likakamilika, na Desemba likatwaa tuzo ya gemu bora la mwaka. Aliyekuwa ameweka akiba ya maneno aliingia kwenye sherehe bila kuulizwa kitu. Aliyeapa ilimbidi acheze kwa kujificha, na gemu zuri halinogi ukilicheza kwa kujificha.

Hatua ya 2: Lilia jambo moja, na ulitaje

"Wameharibu" haimsaidii yeyote. Taja kilichoharibika.

Jifunze kwa Dragon Age. Toleo la kwanza, Origins, lilitolewa na studio ya BioWare ya Canada Novemba 2009. Ulichagua kuwa binadamu, elfi wa porini au wa mjini, mbilikimo wa ukoo bora au wa tabaka la chini. Kwa jumla asili zilikuwa sita, na kila moja ilikuwa na mwanzo wake. Shujaa hakuwa na sauti, hivyo ulimsomea maneno yake kwa sauti yako mwenyewe kichwani. Machi 2011 likaja la pili. Sasa shujaa ni Hawke, lazima awe binadamu, anaongea kwa sauti ya mwigizaji, na maneno yake unayachagua kwa muhtasari mfupi tu. Mapigano yameongezwa kasi. Hadithi karibu yote inazunguka mji mmoja, Kirkwall, na mapango yanarudiwa: unaingia pango jipya, kumbe ni lile la jana, mlango mmoja tu umezibwa.

Watu waligawanyika. Hadi leo wapo wanaoona aibu kulitaja na wapo wanaolipenda kuliko yote. Lakini sikiliza lawama zipi zilizodumu: mapango yanayojirudia, na kunyimwa uchaguzi wa asili. Hizo zinatajika, na fundi akizisikia anajua pa kushika. Toleo la tatu, Inquisition, lilipotoka mwaka 2014, uchaguzi wa asili ulikuwa umerudi, na wakaongezwa qunari, watu wenye pembe.

Kuna faida nyingine, na hii ni ya sifa yako. Ukililia jambo moja, siku ukibadili mawazo unarudisha jambo moja. Ukililaani gemu zima, una mzigo mzima wa kurudisha.

Hatua ya 3: Usitoe hukumu kabla mikono haijazoea

Jahazi halihukumiwi likiwa juu ya magogo. Mafundi wa Jibondo wakimaliza kazi yao, mwenye chombo hungoja kielee, kibebe mzigo, kipigwe na kusi, ndipo aseme kama amepata au amepatikana.

Saa za mwanzo mikono yako bado inacheza lile la zamani. Kidole kinakwenda kwenye kitufe kilichohamishwa, mtu wako anakufa, nawe unasema gemu bovu. Ngoja. Cheza mpaka usiwe unaangalia vitufe. Kabla ya hapo unachokilaumu ni ugeni wako.

Wakati huo jipatie kinga. Baldur's Gate 3 linadai nafasi ya gigabaiti 150 kwenye kompyuta, na kulipakua kwa bando la simu ni kuchoma pesa. Linunue kihalali, kisha mwombe ndugu yako wa Dar mwenye intaneti ya uhakika akupakulie kwenye diski, ampe msafiri anayepanda boti Nyamisati. Siku zote za kungoja una jibu safi barazani: "Bado halijanifikia." Hakuna anayemdai hukumu mtu ambaye mzigo wake uko njiani. Hasira inapoa, na wewe unaonekana mtu wa kupima mambo.

Hatua ya 4: Punguza ugumu, na usimtangazie mtu

Hapa wengi hukwama kwa kiburi. Kwa kuwa lile la kwanza walilimaliza kwenye ugumu wa juu kabisa, wanaanza na hili hapo hapo, wanapigwa, kisha wanasema muundo mpya ni mbaya. Fungua mipangilio, shusha ugumu, endelea na maisha. Gemu halina shahidi.

Usione haya. Wazee wa bao, walio wakali kuliko sisi sote, wana njia yao ya mkato tangu zamani. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, ananamua mpaka mkononi paishe, ndipo aingie mtaji. Nani anamwanzishia mgeni hapo? Mgeni anapewa bao la kujifunza, kete mbili katika kila shimo, mkononi hana kitu, na anaanza kutembeza moja kwa moja. Akikomaa anapanda. Ikiwa bao lina mlango wa wageni, na wewe unao.

Zitumie pia njia za pembeni ambazo gemu lenyewe limeziacha wazi. Mwaka 1988 Final Fantasy II liliwashangaza Wajapani kwa kufuta mfumo wa ngazi uliokuwa kwenye la kwanza. Sasa uwezo ulikua kwa kutumika: ukipiga sana upanga, mkono wa upanga unakua, ukiumizwa sana vitani, uhai wako unaongezeka. Wajanja hawakukaa kulia. Waliwaamuru mashujaa wao wapigane wenyewe kwa wenyewe, wakaumizana mpaka wakawa miamba. Ndani ya Baldur's Gate 3 yupo mzee mkavu kama mfu, Withers, ambaye kwa dhahabu 100 anakufutia makosa yote ya kumlea mtu wako na kukuruhusu umpange upya. Mlipe. Mtu aliyelelewa vibaya ndiye anayefanya gemu zima lionekane baya.

Hatua ya 5: Tafuta mtu mmoja wa kumpenda

Hii ndiyo njia fupi kuliko zote. Mifumo inachelewa kuingia moyoni, ila mtu anaingia upesi. Achana na vitufe kwa muda, kaa na wenzako wa safari, waulize habari zao, wasikilize.

Dragon Age II, pamoja na mapango yake, lilimleta Varric, mbilikimo mwenye upinde anayesimulia hadithi nzima huku akihojiwa, na ambaye mara nyingine anaitia chumvi. Yupo Aveline, askari mnyoofu, na Isabela, nahodha asiye na meli. Hadithi inakwenda miaka mingi, na unawaona wakibadilika, wakigombana, wakikusaliti au wakikusimamia. Katika Origins ulizunguka nchi nzima. Katika la pili unakaa na watu wale wale mpaka wanakuwa majirani. Ndicho kilichopatikana kwa kubakia mji mmoja, na walionuna sana walichelewa kukiona. Varric akarudi katika Inquisition mwaka 2014, akarudi tena katika The Veilguard mwaka 2024. Lile gemu lililotukanwa ndilo lililomzaa.

Ukishampata mtu wako, daraja limejengwa. Sema: "Mapango yanachosha, lakini yule Varric, acha tu." Kila mtu ataelewa kwamba umevuka, na hakuna atakayekuzomea, kwa sababu hujakana neno lako la kwanza.

Hatua ya 6: Ukilalamika, lalamika kwa mkono mkunjufu

Fundi wa gemu ni mtu. Ukimtukania mama yake, atafunga masikio na atakuwa na haki.

Machi 2012 Mass Effect 3 la BioWare lilifunga hadithi iliyoanza mwaka 2007. Watu walikuwa wamebeba maamuzi yao kutoka toleo hadi toleo, na mwishoni wakaona njia tatu zinazotofautiana zaidi kwa rangi ya mwanga: nyekundu, buluu na kijani. Walikasirika, lakini baadhi yao walikasirika vizuri. Walichangisha zaidi ya dola 80,000 kwa shirika linalowapelekea magemu watoto waliolazwa hospitalini. Wengine wakapeleka BioWare keki ndogo zipatazo 400, zilizopakwa rangi hizo tatu, zote ladha moja. Fundi akila keki hiyo ameelewa hoja nzima. Juni mwaka huo BioWare wakatoa bure nyongeza iliyorefusha na kufafanua mwisho ule.

Iga hapo. Lawama inayokuja na kitu mkononi husomwa mpaka mwisho.

Hatua ya 7: Jua pa kukataa kabisa

Sikufundishi kumeza kila kitu. Jiulize swali moja: kilichobadilika ni ladha, au kuna kitu kimevunjika? Ladha utaizoea. Kilichovunjika kisemee mpaka kirekebishwe.

Vibanda vya gemu vinalijua vizuri somo hili. Septemba 30, 2021 Konami walilitoa gemu la mpira la eFootball kurithi kiti cha PES. Lilikuwa bure, lakini lilikuja bila Master League na bila ile sehemu ya kumlea mchezaji mmoja tangu chipukizi hadi nyota, ambayo kwa vijana wengi ndiyo RPG ya kwanza waliyoijua. Nyuso za wachezaji zilipinda hata ukashindwa kumtambua unayemshangilia, na kwenye duka la Steam likawa miongoni mwa magemu yenye alama za chini kabisa. Konami waliomba radhi ndani ya siku chache. Marekebisho makubwa yaliyotarajiwa Novemba yakasogezwa hadi Aprili 2022. Aliyebaki na PES yake ya zamani kipindi chote hicho hakuwa mbishi. Alikuwa anacheza gemu lililokamilika.

Kwa hiyo usilifute la zamani. Libakishe kwenye diski, na ulicheze bila kuomba ruhusa ya mtu.

Hatua ya 8: Badili kauli mara moja, mbele za watu

Siku umelimaliza na moyo umekubali, nenda pale pale barazani uliponunia. Usitoe hotuba, wala usidai kwamba ulilipenda tangu mwanzo. Mashahidi bado wapo. Sema: "Nimelicheza mpaka mwisho. Zuri. Lile pango bado silitaki." Kisha agiza kahawa. Watakucheka jioni moja, na kesho watakuja kukuuliza namna ya kumshinda adui wa mwisho. Hakuna anayeaminiwa kama mtu aliyenuna, akacheza, akakubali. Sifa yake haitokani na ushabiki, na wote wanajua.

Halafu fanya jambo moja la mwisho, lililo kubwa kuliko yote. Kuna kijana hapo mtaani ambaye gemu hili jipya ndilo lake la kwanza. Kwake hakuna kilichoondolewa wala kilichoharibiwa. Kirkwall ndio mji, Hawke ndiye shujaa. Mpe pedi. Usimkatishe kila dakika kwa kumwambia mambo yalivyokuwa zamani. Akilipenda, mwenyewe atataka kujua lilikotoka. Hapo mwazime diski yako, mwanzishie Origins kwenye ugumu wa chini, na umwache anung'unike kwamba shujaa haongei.