Nekta, kutoka mbinguni hadi pakitini

Nekta ni neno la Kigiriki, jina la kinywaji cha miungu wa Olympus, wasiozeeka wala kufa. Wapo wanaisimu wanaolifumbua kuwa “kishinda mauti”. Walatini walilirithi, na baadaye wataalamu wa mimea wakaliteremsha hadi kwenye ua, kwenye maji matamu ambayo Mswahili huyaita mbochi. Nyuki hakuulizwa. Yeye huyafyonza, huyapepea kwa mbawa mzingani mpaka yapungue maji, yawe asali. Kiwanda cha vinywaji hufuata njia ya kurudi: huchukua tunda, huongeza maji, kisha sukari. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, nekta ya embe hutosheka na tunda asilimia 25. Miungu hawakuwa na desturi ya kusoma maandishi madogo ubavuni mwa pakiti.