Gari la Shemeji Linanuka Pombe

Ukiwa na Subaru Nairobi huruhusiwi kuridhika. Gari limetoka Japani na tabo yake, linakimbia vizuri, lakini jamaa wa gereji watakuuliza unangoja nini. Shemeji yangu, mzee wa kanisa ambaye hata shandi hajaionja, aliulizwa hivyo, naye akajibu kwa kununua kifaa cha kunyunyizia injini maji yaliyochanganywa na methanoli.

Sayansi yake si ya uongo. Tabo husindilia hewa, hewa ikisindiliwa hupata moto, na joto likizidi petroli hulipuka kabla ya wakati wake. Hapo injini inagonga na pistoni zinaumia. Sasa pulizia hewa hiyo ukungu wa maji: maji yanageuka mvuke na kuondoka na joto, kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa kwa kutoka jasho. Methanoli nayo inapoza, halafu inaungua. Ndipo fundi anapothubutu kuongeza presha ya tabo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walitia mchanganyiko huo, karibu nusu kwa nusu, katika ndege za Messerschmitt Bf 109, na rubani aliruhusiwa kuutumia dakika 10 tu kwa mkupuo. Shemeji aliutaka wa kwenda Ruiru.

Kasheshe ilianzia dukani, nami nilikuwa nimemsindikiza. Nchi hii ilizika makumi ya watu mwaka 2014 kwa sababu ya pombe iliyotiwa methanoli, kwa hiyo ukiiomba kwenye duka la kemikali, jambo la kwanza ni kitambulisho.

"Ni ya gari," shemeji akasema.

"Wote husema hivyo," muuzaji akajibu, huku akinikagua mimi.

Fundi naye alikuwa mtu wa kubana matumizi. Badala ya kufunga tangi jipya, alichomeka pampu kwenye tangi la maji ya waipa. Shemeji akafurahi kwamba buti limebaki wazi. Jioni moja, karibu na Roysambu, lori likamrushia tope kioo cha mbele. Akafanya ambalo dereva yeyote angefanya: akavuta swichi ya waipa. Tope likatoka vizuri ajabu, na gari zima likajaa harufu ya kilabu.

Mita chache mbele kulikuwa na askari na kipima pombe. Shemeji akapuliza: sufuri. Akaambiwa apulize tena: sufuri. Afande akainama dirishani akanusa, akazunguka, akanusa boneti, kisha akamrudishia leseni kwa heshima.

"Mzee, wewe uko sawa. Gari ndilo limelewa."

Lakini tope lilikuwa jingi na waipa zilikuwa zimekunywa karibu kila kitu. Fundi hakuwa ameweka kifaa cha kupunguza presha tangi likikauka, basi kabla ya Ruiru injini ikaanza kugonga kama mtu aliyefungiwa nje.

Tangi kukauka si msiba wa shemeji peke yake. Mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari la Jetfire, lenye tabo na chupa ya maji na methanoli iliyopewa jina la fahari, Turbo-Rocket Fluid. Wateja walijaza petroli, chupa wakaisahau. Ikikauka, gari lenyewe lilishusha presha na kuwa zito, nao wakarudi kulalamika. Baada ya 1963 halikuundwa tena. Nadhani kosa lilikuwa kumwamini mwenye gari. Binadamu huyu huyu huendesha taa ya mafuta ikiwaka na kujiambia itafika! BMW walipoleta M4 GTS mwaka 2016 walitumia maji matupu, tangi la lita 5 ndani ya buti, na bado mtu akilikimbiza uwanja wa mashindano alitakiwa akumbuke kulijaza.

Kifaa cha shemeji kiko stoo kwangu, pampu nzima na nozeli zake. Kinauzwa, bei ya maelewano. Mnunuzi aje na tangi lake, na methanoli ajitafutie, maana mimi duka lile siingii tena.