Ruta ya Dakani

Nyumba yetu ni mojawapo ya zile nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Unguja zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zake zikalazwa juu ya boriti za mikoko, na kuta zake zina unene unaopita nusu mita. Waliozijenga, Mungu awarehemu, walizikusudia zizuie jua, macho ya wapita njia na maneno ya jirani, wala haikuwapitikia kwamba watatokea wajukuu watakaotaka mawimbi yapenye humo bila ya kubisha hodi. Katika daka la ukumbini, pahala ambapo marehemu bibi yangu alikuwa akipanga mabakuli yake ya Kichina, ndipo nilipoiweka ruta, kijisanduku cheupe kinachotiwa laini ya simu na bando, nacho kikaigawia nyumba nzima intaneti. Nilikiweka hapo kwa ajili ya hadhi, si kwa elimu.

Miaka miwili kilitutumikia kwa utiifu. Kisha, siku chache baada ya Idi, kikaingiwa na maradhi ya ajabu: mchana kutwa, nikiwa peke yangu nasoma magazeti, kilitulia kwa adabu na taa zake zote za kijani, lakini baada ya sala ya Isha, walipokusanyika wenye nyumba, mke wangu na tamthilia yake, binti yangu na mazungumzo yake yasiyokwisha, mpwa wangu na mpira wake, taa zilipepesa mara mbili tatu, zikazimika zote kwa pamoja, na baada ya dakika mbili zikarejea moja moja, kama mtu aliyezirai akarushiwa marashi usoni.

Nikampigia simu mhudumu wa kampuni. Baada ya kusikilizishwa muziki kwa muda unaotosha kuivisha wali, akanijibu kijana mwenye adabu nyingi: "Shikamoo mzee wangu. Zima, hesabu mpaka thelathini, halafu washa." Nikamwambia kwamba kwa wiki hii tu nimekwisha kuhesabu mpaka elfu kadhaa. "Basi mzee wangu," akasema kwa upole, "safari hii uhesabu pole pole."

Barazani nako sikukosa matabibu. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya forodha akashikilia kwamba waya wa baharini umekatika, kama zilivyokatika nyaya Mei 2024 huko pwani ya Afrika ya Kusini na intaneti ikatuyumbia Afrika ya Mashariki nzima. Na akiisha kushika mada ya nyaya hakuiachia, bali alirudi nyuma hata 1879, waya wa telegrafu ulipofikishwa Unguja kutoka Aden kwa njia ya bahari. Ilikuwa darsa tamu, ila hakutueleza kwa nini waya huo ukatike baada ya Isha tu, tena kwangu tu. Mwingine akalituhumu jiko la maikrowevu, na huyu alikuwa na hoja, kwani jiko hilo hufanya kazi katika masafa yale yale ya gigahezi 2.4 yanayotumiwa na ruta. Nikapiga marufuku kupasha chakula moto usiku. Kwa siku nne tukala viporo, ruta ikazirai vilevile, na ubaridi nyumbani haukuishia sahanini.

Mpwa wangu, ambaye ndiye mwanachuoni wetu wa mambo haya, akaandika 192.168.1.1 katika simu yake, akaingia ndani ya ruta kama mtu aingiaye kwao, akaihamisha kutoka chaneli ya 6 kwenda ya 11, akinieleza kuwa mtaa mzima umesongamana katika ile ya 6. Huku akinisomesha, mkono wake wa pili ulikuwa ukichezea kinanda cha umeme alichopewa zawadi ya Idi, ambacho mgongo wake ulikuwa wa moto kama mtoto mwenye homa. Nikamwamrisha akiondoe, kitaunguza mkeka, na fikra zangu hazikwenda mbali kuliko mkeka.

Alhasili nikenda Darajani nikanunua ruta mpya. Adapta yake ilikuwa na meno mawili ya mviringo, na soketi zetu, urithi wa Mwingereza, zataka meno matatu ya bapa. Nami, kwa kuona uchungu kutoa pesa nyingine kwa kigeuzi, nikaitia adapta ya zamani, maadamu ncha yake iliingia sawasawa. Mpwa wangu akaipa ruta hiyo jina lile lile na neno la siri lile lile, tusipate taabu ya kuandika upya katika simu zetu. Ile kongwe nikampa jirani wa ng'ambo ya kichochoro, akanishukuru kwa dua ndefu ambayo, kwa kujua nilichompa, ilinitia haya.

Usiku ule ule ruta mpya ikazirai. Na wa pili. Usiku wa tatu ikapona, isizime tena, nami nikawaambia watu wa baraza, kwa sauti ya mjuzi, kwamba chombo ni kama bibi harusi, lazima kwanza kizowee nyumba.

Juma la pili uniti za umeme zikatuishia. Nyumba ikawa giza tupu, na katika giza hilo ikasikika sauti ya mpwa wangu kutoka ghorofani: "Goli!"

Nikapapasa hadi dakani. Ruta yangu ilikuwa baridi, haina taa hata moja. Nikachungulia dirishani, na ng'ambo ya kichochoro, juu ya kabati la jirani, nikakiona kijisanduku changu cha kale kinakonyeza kwa furaha taa zake za kijani, kikiwa na adapta ya king'amuzi kibovu cha jirani, jina letu na neno letu la siri, na bando lake yeye.

Asubuhi nikavaa miwani. Chini ya ruta pameandikwa volti 12, ampia 1. Juu ya adapta, volti 9 na nusu ampia, chakula kinachotosha kuwasha taa na kumhudumia mzee mmoja na magazeti yake, lakini si familia. Adapta ya haki ilikuwa katika kinanda. Zilibadilishana siku ya kusafisha nyumba baada ya Idi, na madaka ya nyumba yetu sijapata kumruhusu mtu mwingine kuyasafisha.

Barazani nilimkuta jirani akilalamika kwamba bando lake la mwezi limekwisha kwa siku tisa. Nikamwita muuza kahawa, nikaagizia baraza zima, na jirani vikombe viwili pamoja na kashata, wakanitazama wote kama waliomwona maiti akiketi. Kisha nikamwomba mzee wa forodha atufafanulie tena, bila ya haraka, ile habari ya 1879.