Mtaalamu wa Fotokopi

Tangu 2014 Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia. Hongera zetu. Sasa njoo Naivasha umwone mwanafunzi wa saikolojia aliye kwenye atachimenti: bima kajilipia, nauli ya matatu kutoka Karagita ni juu yake, na kazi aliyopewa ni kutoa fotokopi na kuchemsha chai ya wakubwa. Valentine ikikaribia, mashamba ya waridi yanakesha kupakia mapenzi ya Ulaya. Mchumaji mwenye mgongo unaomuuma na mume asiyepokea simu yuko hatua chache tu, hana wa kumsikiliza. Mshauri wetu mtarajiwa ana shughuli, karatasi imekwama mashineni. Mwishoni msimamizi anaandika katika kitabu cha atachimenti: “Anajua kukabiliana na msongo.” Hakusema wa nani.