Sifa za Daftari la Fujo

Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya 2, alimtungia nzi sifa ndefu zilizojaa heshima. Erasmus wa Rotterdam akausifu upumbavu katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511, na Ulaya iliyosoma ikacheka huku ikijitambua. Siku hizi husifiwa wagombea, simu na viatu. Aliyebaki bila msifiaji ni mmoja, naye anawashinda wote kwa utumishi: daftari moja la mwanafunzi wa Musaga, Bujumbura, lililobeba masomo yote kwa pamoja, lisilo na jalada wala tarehe, lililoanzwa kuandikwa pande zote mbili mpaka Kifaransa na hisabati vikakutana katikati na kusukumana.

Sifa za heshima huanza na ukoo, na ukoo wa daftari hili si wa kubahatisha. Mwaka 1508, mjini Florence, Leonardo da Vinci alianza daftari ambalo leo limehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza. Mwanzoni kabisa aliandika kwamba huo ni mkusanyo usio na mpangilio, uliotoka kwenye karatasi nyingi, na kwamba anatumaini baadaye kuweka kila jambo mahali pake. Alifariki mwaka 1519 bado anatumaini. Rafiki yake Luca Pacioli, mtawa na mwanahisabati, alikuwa mtu wa safu zilizonyooka. Mwaka 1494 alichapisha Venice kitabu kilichowaeleza wafanyabiashara namna ya kuweka hesabu kwa madaftari matatu: moja la kuandika mambo papo hapo yanapotokea, la pili la kuyapanga kwa mfuatano, la tatu la kuyagawa katika akaunti. Wawili hao walimtumikia mtawala mmoja huko Milan, wakaondoka pamoja mwaka 1499 mji ulipotekwa na Wafaransa. Sasa nenda Gikoto au Gasekebuye, mitaa ya Musaga, msimamishe mtoto yeyote mwenye sare ya shule, umuulize ni yupi kati yao aliyewahi kusikia habari zake. Fujo ndiyo iliyovuma.

Tena Pacioli mwenyewe hakuidharau. Katika lile daftari lake la kwanza aliwaruhusu watu wote wa nyumbani waandike, mradi wanajua kuandika. Madukani kwetu linaitwa daftari la madeni, na mwenye duka haliachi mbali na mkono wake. Majumbani sheria hiyo inafuatwa hata na wasiowahi kumsikia Pacioli: katikati ya somo la sehemu utakuta namba ya simu ya fundi bomba, idadi ya mafungu ya lengalenga ambayo mama alikopa sokoni, na ng'ombe aliyechorwa na mdogo mtu ambaye hata shule hajaanza.

Wapo wanaoona huu ni uzembe. Hao hawajawahi kununua vifaa vya shule mwezi wa Septemba. Nchini Burundi ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2005 na madarasa yakafurika. Bei ya daftari haikufutwa na mtu. Tangu mageuzi ya mwaka 2013 elimu ya msingi ni miaka 9, nayo orodha ina Kirundi, Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili, hisabati, sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ujasiriamali, na mengine ya sanaa na michezo. Kila somo lataka daftari lake. Mzazi mwenye watoto wanne huisoma orodha hiyo mpaka chini, akaikunja, akasema: "Tuanze na moja, mengine tutaangalia." Mwaka wa masomo huisha bado wanaangalia. Daftari moja limepokea mzigo wote bila kunung'unika, na kama ujasiriamali ni kufanya mengi kwa kidogo, basi ndilo lililofaulu somo hilo kuliko mwenyewe.

Utukufu wake hasa huonekana usiku. Bujumbura jua huzama kwenye saa kumi na mbili, mwaka mzima, na baada ya hapo kila nyumba hupambana na giza kivyake. Ukutani kuna ratiba iliyochorwa kwa rula na kalamu za rangi: saa moja devwari, yaani kazi ya mwalimu ya kufanyia nyumbani, saa mbili kujisomea, saa tatu kupanga nukuu za masomo. Ratiba ya namna hiyo ni kitu kizuri sana, na umeme ukikatika saa moja na robo hubaki nzuri vilevile pale ukutani. Daftari la fujo halikuahidi kitu. Mtoto huliweka chini ya mwanga wa simu ya baba na kuanza kutafuta zoezi la Alhamisi.

"Bado hujamaliza devwari?" mama anauliza kutoka jikoni.

"Niko naitafuta, mama."

"Tangu saa moja?"

"Iko humu humu, mama."

Wala hadanganyi. Akitafuta zoezi anapita kwenye methali za Kirundi za mwezi uliopita, anakutana na usanisinuru kwa Kifaransa, anasimama kwenye vitenzi vya Kiingereza ambavyo hakumbuki kuwa aliviandika yeye, na anajiuliza ile hesabu iliyokatika katikati ilikuwa inaelekea wapi. Mwenye madaftari tisa yaliyopangwa, ni lini mara ya mwisho alifungua matatu kwa usiku mmoja? Kazi ya mwalimu na masomo ya mtoto mwenyewe, mambo mawili ambayo wapenda ratiba wanahangaika kuyagawia saa, humu hufanyika kwa mpigo, tena bila mtoto kujua kwamba anajisomea. Angejua, huenda angeacha.

Wanasayansi nao wanalitetea ingawa hawakuwa na habari nalo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba waliosoma kifungu kisha wakajaribu kukikumbuka bila kukiangalia, wiki moja baadaye walikikumbuka zaidi kuliko waliokisoma tena na tena. Shida ni kumfanya mtoto aache kuangalia. Daftari la fujo limelimaliza tatizo hilo, maana lenyewe halisomeki. Mistari ya chini imelowa mvua ya Machi, wino wa upande wa pili umepenya, na neno muhimu kuliko yote limefunikwa na ule mguu wa ng'ombe. Kilichobaki ni kufumba macho na kukumbuka mwalimu alisema nini.

Nimtendee haki mpinzani. Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell aliwafundisha wanafunzi kuugawa ukurasa: safu nyembamba kushoto ya maswali, safu pana kulia ya maelezo, na nafasi chini ya muhtasari. Anayeutumia mpango huo kama Pauk alivyokusudia, yaani kufunika maelezo na kujiuliza maswali, namvulia kofia. Ninaowaogopa ni wanakili. Mwenye daftari safi hurudi nyumbani, akamaliza devwari, kisha akaanza kunakili upya kile alichokwisha kukinakili ubaoni mchana: kichwa cha habari chekundu, mstari chini yake kwa rula, tarehe kwenye pembe. Ikifika saa tatu usiku ana ukurasa wa kuwaonyesha wageni, na usingizi umemjaa machoni. Kujisomea kutafuata kesho, na kesho kuna ukurasa mwingine. Sijaona mwizi wa jioni mwenye mwandiko mzuri kama huyu.

Malipo yake huja mtihani wa kitaifa wa mwaka wa 9 ukikaribia. Daftari safi huazimwa. "Kaka, nipe leo tu, kesho asubuhi nakurudishia." Linaondoka Ijumaa, linapita Kinanira, linalala Kanyosha, na kurudi linarudi siku ya matokeo, likiwa limemfaulisha mtu mwingine. La fujo haliazimwi. Hata mwizi akiiba mkoba huliacha njiani. Usiku wa mwisho mwenyewe yuko nalo, wawili peke yao, naye ndiye mtu pekee duniani anayejua kwamba sayansi ya Februari iko nyuma ya madeni ya lengalenga.

Kasoro ya daftari la fujo inayotajwa sana ni hii: mwalimu wa Kifaransa akikusanya madaftari ili asahihishe, hisabati, sayansi na Kiswahili navyo huondoka. Na kwa madarasa yalivyojaa, kusahihisha si kazi ya siku moja. Wengine wanaita hasara. Kwangu mimi hakuna semina iliyowahi kuweka mizani sawa kiasi hicho kati ya kazi ya shule na saa za mtoto mwenyewe: devwari ya hisabati haiwezekani, sababu ina shahidi, na hata baba hana la kusema. Kuanzia hapo mtoto hujisomea anachotaka, kama anataka.

Hata uzee wa daftari hili una faida kwa jamii. Amri ya mwaka 2018 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki iliipandisha cheo karatasi kuukuu. Daftari lililokwisha huchanwa kurasa kando ya barabara ya kitaifa namba 7, ile inayotoka mjini ikapita Musaga kupanda milimani, na karanga za kukaanga hufungwa ndani yake. Anayesubiri basi hupata mito ya Burundi upande mmoja na nusu ya barua ya Kiingereza upande wa pili, pamoja na chumvi. Daftari safi hufungiwa sandukuni likasomwa na mende.

Tabu ni pale ukurasa unapong'olewa kabla daftari halijastaafu. Kwa hiyo, msomaji, ukinunua karanga Musaga wiki hii ukakuta zoezi la sehemu, namba tatu, lenye ng'ombe pembeni, kula karanga lakini ukurasa urudishe. Unatakiwa Alhamisi.