Namna ya Kuitafutia Skuta Shokapu Ukiwa Lushoto

Kwanza hongera. Umenunua skuta ya mjini, ile ya matairi ya inchi 10 na sakafu ya kuwekea miguu kama uko sebuleni, kisha ukaipandisha hadi Lushoto. Walioiunda walikusudia ikupeleke ofisini juu ya lami na kukurudisha. Hawakuota kwamba ungetoka nayo Mtae msimu wa masika, gunia la kabichi nyuma, shemeji juu ya gunia, na jogoo wa shemeji. Sasa shokapu imekufa.

Hakikisha kweli imekufa. Simama nyuma ya skuta, kandamiza kiti, achia. Shokapu nzima hupanda mara moja ikatulia. Yako ikinesanesa, au ukikuta oili imechuruzika kwenye fimbo ya kati na kushikana na vumbi jekundu, sili imekwisha. Wapo watakaokushauri ufunge tambara. Lifunge: suruali yako itapona.

Kisha nenda duka la spea. Maduka ya hapa yanawalisha wenye Boxer na TVS, na hayana kosa, maana bodaboda ndizo zinazopandisha watu Irente na kushusha mboga Soni. Hata hivyo, muuzaji hatasema hana. Atatungua shokapu ya Boxer, aifute vumbi kwa kiganja, aseme, "Kaka, hii inaingia."

Haiingii. Boxer ina shokapu mbili nyuma, kila moja na tundu juu na tundu chini. Skuta nyingi ndogo zina moja tu, upande wa kushoto, fupi, na mara nyingi mguu wake wa chini ni wa uma. Ukimwonyesha uma huo atajibu, "Hapo tunachomea tu," na jirani yake, kwa bahati njema, ana mashine ya kuchomelea. Hapa nakuomba uache utani: ndani ya silinda ile kuna oili, pengine na gesi, na moto wa kuchomelea huiua sili hata kabla hujapanda, au hukulipukia usoni.

Basi fungua ile mbovu, upime kwa milimita kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Pima na unene wa bolti. Mara nyingi ya juu ni ya 10, ya chini ya 8. Ilaze kando ya rula, piga picha, mtumie mpwa wako aliye Dar. Mpwa atakwenda Kariakoo, ila si leo. Akifika atauliza kama ni orijino, naye ataulizwa anataka orijino ya bei gani.

Akikwambia amepata "ndefu kidogo tu", kataa. Ikiinua matako ya skuta, stendi ya pembeni huwa fupi, na Lushoto hakuna sehemu tambarare ya kuegesha chombo kilichokwisha amua kulala. Ngumu kidogo, sawa, hasa yenye ringi ya kukazia springi: ikaze siku ya gunia, ilegeze siku ya ibada. Kupunguza gunia kungekuwa rahisi zaidi, lakini sijawahi kusikia mtu aliyefanya hivyo.

Mzigo utakuja na basi. Chukua namba ya kondakta, usimpigie kabla hajapita Mombo. Zile kilomita 33 za kona za kupanda zinamtosha.

Ikifika ikagoma kuingia, usihangaike kuirudisha. Risiti yenyewe imeandikwa kwa penseli kwenye kipande cha boksi. Iache gereji, ining'inizwe ukutani pamoja na zile nyingine zinazoingia. Atapanda mgeni mwingine na skuta yake, na fundi anajua bei ya kumwambia.